Vichekesho Vitatu Vilivyobaki

— Rudisha nyuma kidogo.

— Habuba, nimesharudisha mara tatu.

— Rudisha ya nne. Macho yangu hayakimbii kama yako.

Ruqaiya akarudisha. Ndani ya simu, Bi Zamu, mke wa Bwana Gonja, yule mwanamke wa katuni mwenye kichwa kama chungu na miguu kama njiti, aliinama afunge kamba za viatu. Tumbo likamzuia. Akajaribu kwa upande. Likamzuia. Mwisho akavua viatu vyote viwili akavitumbukiza mfukoni mwa mumewe, na hapo kikatoka kile kicheko cha watu wasioonekana, ambacho Burhan, mchoraji wa katuni hiyo, hukibandika kila baada ya mzaha.

Swabrah, jirani yetu, alikuwa amekuja kuomba makaa ya moto. Alicheka mpaka kaa moja likadondoka kwenye sakafu yangu.

— Ruqaiya, huyo bwana wako ana kichwa! Utaolewa ucheke mpaka meno yaote upya.

Ruqaiya hakucheka. Alichora mstari mmoja kwenye daftari, akangoja Swabrah aondoke na makaa yake.

— Habuba, mwanamke mwenye mimba anaanza lini kushindwa kufunga viatu?

— Unauliza ya nini?

— Nijibu tu.

Nikaweka chini ukindu niliokuwa nasuka.

— Mwezi wa saba ukiisha, wa nane ukiingia.

— Na kutapika akisikia harufu ya mukene?

— Mwezi wa pili. Wiki ya nane hivi. Mimi nilitapikia dagaa wa Wanyange kwa watoto wote sita.

— Na mtoto kupiga teke mara ya kwanza?

— Wa tano. Wiki ya ishirini. Ruqaiya, mtazame bibi yako usoni. Una nini?

— Si mimi, Habuba. Ndiyo taabu yenyewe. Si mimi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nikaha yake na Burhan ilikuwa imebakiza wiki mbili kamili.

Nieleze kidogo. Mjukuu wangu Ruqaiya ni mwalimu wa hesabu, darasa la tano, hapa hapa Bugembe. Burhan ni kijana wa Mbale, anachora katuni kwa kompyuta, kila Ijumaa sehemu moja ya dakika tano, watu wanaitazama kwenye simu kuanzia Busia mpaka Kampala. Walikutana siku alipokuja shuleni kuwaonyesha watoto sehemu yake ya kwanza. Watoto walicheka. Ruqaiya alikaa nyuma, akawa anachora mistari.

— Mwalimu, unaandika nini? Burhan alimuuliza.

— Umetoa vichekesho ishirini kwa dakika tano. Ni vinne kwa dakika. Watoto wamecheka mara kumi na mbili. Vinane umevitupa.

— Vipi hivyo vinane?

— Vyote ni vya mbuzi. Mpunguze mbuzi.

Burhan akampunguza mbuzi. Sehemu ya pili watu wakacheka mara kumi na sita. Tangu hapo kila Alhamisi alimtumia Ruqaiya kazi yake kabla haijatoka, na Ruqaiya alikusanya majirani uani kwetu, akawatazamisha, akahesabu, akamrudishia ujumbe: "Ishirini na moja, wamecheka kumi na nane. Cha sufuria kisogeze mbele. Cha shehe kiondoe, ni aibu." Naye humjibu: "Sawa mwalimu wangu. Bila wewe mimi ni mchoraji wa mbuzi." Wengine wanapendana kwa maua. Hawa walipendana kwa mistari ya kalamu, minne minne, wa tano ukiikata.

Na mwanzoni Bi Zamu alikuwa Ruqaiya mtupu. Ruqaiya hupima chumvi kwa kiganja mara mbili kabla ya kuitia. Bi Zamu naye. Ruqaiya hawezi kupanda ngazi bila kuzihesabu; Bi Zamu akaanguka kwa sababu fundi alipunguza ngazi moja bila kumwambia. Mguu wa kushoto wa Ruqaiya ni mkubwa kuliko wa kulia. Bi Zamu akanunua viatu jozi mbili kutoka kwa wachuuzi wawili ili wote wamlaani.

— Huyu ni mimi! Ruqaiya alipiga kelele siku ile, Burhan akiwa amekaa hapo hapo kwenye mkeka wangu anakula gurusa, mkate wetu mwembamba wa Kinubi, kwa asali.

— Ni wewe. Mimi sijui kubuni, mwalimu. Uongo haunijii. Mkono wangu unachora kile jicho limeona tu.

Nilimpenda kwa neno hilo. Mwanangu Swaibu, baba yake Ruqaiya, alisitasita.

— Mama, kijana anayekula kwa kuchekesha watu, nitamwambia nini shehe?

— Mwambie ni kijana asiyejua uongo, nikamjibu. Ni mimi niliyesema. Midomo yangu hii.

Sasa turudi Jumamosi ile. Nilikuwa nasuka tabaga, lile kawa la rangi ambalo kwetu Wanubi bibi humsukia mjukuu anayeolewa. Siku ya nikaha, kabla ya lolote, sinia la gurusa huletwa limefunikwa kwa tabaga mpya, na bwana harusi hulifunua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wazee. Kusuka tabaga ni kuhesabu. Nyekundu sita, nyeusi nne, njano mbili, duru baada ya duru, mpaka ua likutane na ua. Lisipokutana, hukati. Unafumua duru moja moja kurudi nyuma mpaka ufike mahali hesabu ilipopotea. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Ruqaiya namba akiwa na miaka minne, maana mimi mwenyewe shule niliishia darasa la nne, ukindu ndio uliomaliza kunisomesha.

Na yeye alikuwa amefumua. Sehemu moja moja, kutoka ya arobaini na mbili kurudi ya kwanza.

— Tazama, Habuba. Sehemu kumi za mwanzo, kati ya vichekesho ishirini, vitano vinamhusu Bi Zamu. Robo. Kuanzia ya kumi na moja, ni kumi na vitano. Robo tatu.

— Si wewe ulimwambia watu wanamcheka mke zaidi?

Akapitisha kidole juu ya mistari yake.

— Ni mimi. Nilimwandikia: mume akianguka wanacheka watano kwa kumi, mke akianguka wanacheka wanane. Nilimpa kisu nikamwonyesha na pa kukata. Lakini sikiliza. Nimetoa vyote vilivyorudiwa. Vya Bi Zamu vimebaki sitini na viwili. Vyangu ni ishirini na vinne. Nimejikagua kuanzia unyayo. Vingine thelathini na vinane si vyangu.

— Labda ni vya dada yake Burhan.

— Sehemu ya kumi na tisa: Bi Zamu anavuta shuka lote, analala amekunja ngumi kama mtu anayelinda senti. Dada yake ameolewa Tororo, Habuba. Nani anajua dada yake analala vipi?

Akafungua ukurasa mwingine.

— Kutapikia mukene ni sehemu ya kumi na mbili. Teke la kwanza ni sehemu ya ishirini na nne. Tofauti ni kumi na mbili. Wewe umesema wiki ya nane na wiki ya ishirini. Tofauti?

— Kumi na mbili.

— Viatu ni sehemu ya thelathini na tano. Toa nne, wiki ya thelathini na moja. Ni mwezi gani huo?

— Wa saba umeisha, nikasema. Wa nane unaingia.

— Basi chukua namba ya sehemu, toa nne, unapata wiki ya mimba. Wiki arobaini ni sehemu ya arobaini na nne. Itatoka Ijumaa ya pili kuanzia leo. Nikaha yangu ni kesho yake.

Akafunika kalamu. Msichana wa miaka ishirini na saba, nilimwona akirudi kuwa wa minne, anashika ukindu unaomkata vidole na hataki kulia.

Akampigia simu. Aliiweka kwa sauti kubwa ili nisikie.

— Burhan, hili tumbo la Bi Zamu umelitoa wapi?

— Ah, mwalimu! Limependwa, si ndiyo? Nimeona kwa jirani hapa.

— Jirani gani?

— Jirani tu. Mtaa wetu wa Namatala una watu, mwalimu, kila mlango una tumbo. Vipi, Habuba amemaliza kusuka?

— Karibu.

— Mwambie nakuja na njaa ya wiki mbili!

Alicheka, akakata. Kwa mwaka karibu mzima hakuwahi kumruhusu Ruqaiya afike kwake. Alisema chumba cha kapera si mahali pa mchumba mwenye heshima, na mimi nilimsifu kwa hilo pia.

Jumatano nikavaa viatu vyangu vya Idi. Tukatoka Bugembe asubuhi, adhuhuri tukashuka Mbale penye mnara wa saa. Burhan siku hiyo alikuwa Kampala kuonana na watu wa televisheni. Alimwambia Ruqaiya mwenyewe.

— Tutaipataje nyumba? nikauliza. Namatala si ndogo.

— Hajui kubuni, Habuba.

Akamwonyesha mtu wa bodaboda picha ya simu: nyumba ya Bwana Gonja. Mlango wa buluu, gurudumu bovu limefukiwa nusu mbele yake, na fundi cherehani wa barazani mwenye saa ya ukutani iliyosimama saa nne kasoro dakika kumi.

— Aaa, kwa Bwana Gonja! bodaboda akacheka. Hii ni kwa fundi Fadhul, nyuma ya soko. Pandeni.

Mlango wa buluu ulikuwepo. Gurudumu lilikuwepo. Saa ilisema saa nne kasoro dakika kumi.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na mitano, mnene wa uso, mikono imevimba, tumbo limemtangulia kama mtu anayebeba ngoma. Hakuwa na viatu. Nilitazama miguu yake na nikajua kwa nini.

— Karibuni. Mnatafuta nani?

— Tunamtafuta Burhan, Ruqaiya akasema.

— Amekwenda Kampala. Mimi ni mke wake, Nabifo. Nyinyi ni watu wa Tororo?

— Mimi ni mwalimu wa hesabu. Wa Bugembe. Ninayehesabu vichekesho.

Nabifo akamkazia macho, kisha akaanza kucheka, akashika kizingiti cha mlango.

— Wewe? Mwalimu Mugweri ni wewe? Mimi nimeambiwa ni mzee! Kipara, na kikohozi! Kila Alhamisi anasema, "Nyamaza, Mwalimu Mugweri anapiga." Jina liko kwa simu yake, Mwalimu Mugweri!

Alicheka peke yake. Halafu akaona hatucheki, akaona hina ya majaribio kwenye kiganja cha Ruqaiya, ile waliyompaka wenzake wiki iliyopita. Kicheko kikamshuka usoni polepole.

— Wewe unaolewa, akasema.

— Jumamosi ya wiki ijayo.

— Na nani?

Ruqaiya akafumba kiganja. Nabifo akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa.

Nilidhani kutakuwa na vita. Nimeona wanawake wakivuana vitambaa kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini Nabifo alikaa anapumua tu, mkono juu ya tumbo, mwisho akaniuliza mimi, kwa jina wanaloita bibi huku Bugisu.

— Kukhu, mmekula?

— Hatujala, binti yangu.

Akatuletea malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Tulikula. Ni jambo la ajabu kula chakula cha mwanamke umemletea msiba, lakini ningekataa ningemwongezea.

— Aliniahidi atakwenda kwa wazazi wangu Sironko, Nabifo akasema. Kila mwezi anasema mwezi ujao. Nikasema, huyu mtu ana kazi, wacha. Halafu kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kwa hiyo katuni. Watu hapa wanasema Bi Zamu ni mimi, hata sokoni wananiita Bi Zamu. Lakini mimi chumvi natia tu. Sipimi. Mguu wangu uko sawa. Nikamuuliza, huyu anayepima chumvi ni nani? Akasema, nimeona kwa jirani.

— Jirani, akasema Ruqaiya.

— Jirani.

Ruqaiya akatoa daftari kwenye begi.

— Dada, viko thelathini na vinane ambavyo si vyangu. Nikisoma, uniambie kama ni chako.

Nikawa shahidi wa jambo ambalo sijaliona tena. Wanawake wawili, mwanamume mmoja, wanagawana vichekesho.

— Analala amekunja ngumi.

— Changu. Tangu mtoto.

— Anakula udongo wa ukuta mpaka dirisha linakaa peke yake.

— Changu. Mwezi wa tatu. Nilimwambia asimwambie mtu!

— Anamwogopa chura, anapanda mezani, meza inavunjika.

— Changu, lakini meza haikuvunjika. Ni mguu mmoja tu ulilegea.

— Analia akikata kitunguu, anaendelea kulia baada ya kitunguu kwisha, mume anauliza kitunguu kiko wapi.

Nabifo alikawia.

— Hicho ni changu pia. Siku hiyo mama yangu alikuwa mgonjwa. Sikuwa nalilia kitunguu. Watu wangapi wamekitazama hicho?

— Elfu arobaini, Ruqaiya akasema chini chini. Nilimwambia ni kizuri. Nilimwambia akisogeze mbele.

Nabifo akafuta macho kwa ncha ya gauni.

— Soma vingine.

Vikaisha. Nabifo alikuwa na thelathini na kimoja. Vimebaki saba.

— Anaweka meno yake kwenye glasi, mgeni anayanywea maji.

Ruqaiya akaniangalia, akaangalia pembeni haraka.

— Anaonja chai ya kila nyumba na kusema, "Hii chai haijaolewa."

Hilo ni neno langu. Nimelisema miaka hamsini. Nilimwambia Burhan kwenye mkeka wangu, na akaniomba nirudie.

— Ni vya kwangu, nikasema. Hivyo na vile viwili vinavyofuata hapo kwenye daftari. Vinne. Viandike.

Nilikuwa nimevicheka vile vichekesho uani pamoja na Swabrah, meno yangu mdomoni, sijui kwamba najicheka. Mtoto niliyempa asali!

— Vimebaki vitatu, Ruqaiya akasema. Bi Zamu anakunywa chai kwa kisosi, anavuta mpaka paka anakimbia.

Nabifo akatikisa kichwa. Mimi pia.

— Bi Zamu ana jino la dhahabu upande wa kushoto, akicheka anafunika mdomo wote isipokuwa jino.

Hakuna.

— Bi Zamu analala na redio ndogo chini ya mto, mume anaota taarifa ya habari.

Tulitazamana watatu. Cherehani ya Fadhul ilikuwa inakwenda barazani, ikasimama, ikaendelea.

— Vimeanza sehemu gani? Nabifo akauliza.

Ruqaiya akafunua kurasa.

— Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini na moja.

— Sehemu ya thelathini na nane, Nabifo akahesabu kwa vidole vilivyovimba, ndipo alipoanza kwenda Kampala. Kwa watu wa televisheni.

Nabifo akafunga daftari, akamrudishia Ruqaiya kwa mikono miwili.

— Mwalimu, mimi nitanyamaza mpaka Jumamosi yako. Sitamwambia mlikuja. Lakini muulize hivyo vitatu. Mimi nikiuliza ataniambia jirani.

Nilimwachia namba yangu ya simu, Ruqaiya akamwambia kwamba kwa hesabu yake mtoto atakuja Ijumaa ya sehemu ya arobaini na nne, tukarudi Bugembe. Nilimwambia Ruqaiya tumweleze baba yake mara moja, tufute kila kitu. Akakataa.

— Nikifuta leo, ataniambia sikumsikiliza. Nataka afunue mwenyewe.

— Na watu wataona.

— Wamenicheka elfu arobaini kila wiki, Habuba. Wacha arobaini waone nikiwa sichekeshi.

Nikamaliza tabaga. Ua lilikutana na ua, hakuna hata uzi mmoja uliopotea. Sijawahi kusuka kazi nzuri kama ile, na sijawahi kuichukia kazi kama ile.

Ijumaa ya sehemu ya arobaini na nne Ruqaiya alitazama simu siku nzima. Nabifo hakupiga.

— Labda nimekosea, akasema jioni, na niliona kwenye jicho lake kitu kidogo kilichotamani awe amekosea vyote, hata vile tulivyoviona kwa macho.

Jumamosi wakaja. Burhan kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, anatabasamu kwa kila mtu; mjomba wake Mzee Jamiru mbele, wanaume kumi na wawili nyuma. Wakaketi kwenye mikeka barazani. Ruqaiya alikuwa nyuma ya pazia la mlango, kama inavyotakiwa. Shehe alikunywa maji. Mimi nikaleta sinia, nikaliweka mbele ya Burhan, tabaga juu yake inang'aa.

— Habuba, mikono yako! Burhan akasema. Hii tabaga nitaitundika ukutani.

— Funua, mwanangu, nikamwambia.

Akafunua. Hapakuwa na gurusa. Palikuwa na daftari la shule.

Alicheka kwanza, akawaonyesha wenzake.

— Mwalimu wangu huyo! Hata leo kanihesabia!

Akafungua. Nilikuwa karibu, nikaona macho yake yakishuka na ukurasa. Ruqaiya alikuwa ameandika kwa hati yake ya ubaoni: Vichekesho vya Bi Zamu, 62. Ruqaiya, 24. Nabifo, 31. Habuba, 4. Baki, 3.

Kicheko kikabaki mdomoni bila sauti.

— Kuna nini? Mzee Jamiru akauliza.

— Baba Swaibu, ningeomba kuongea na Ruqaiya faragha, Burhan akasema.

— Ongea hapa, mwanangu Swaibu akajibu. Nabifo ni nani?

Burhan akafuta jasho. Akawageukia wazee, si pazia.

— Wazee wangu, nilikuwa nitasema. Nabifo ni mtu niko naye Mbale. Si jambo la haramu kuwa na wawili. Dini yetu inaruhusu mpaka wanne. Nilitaka kwanza Ruqaiya aingie nyumbani, halafu...

— Mke wa pili huambiwa, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Mimi sikuambiwa. Nimehesabu.

Hata lori lililopita barabarani lilionekana kupita kwa adabu.

— Ruqaiya, mwalimu wangu, Burhan akasema, sasa amegeukia pazia, vile ni vichekesho tu. Ni mapenzi. Ninachora ninachokipenda.

— Sijakuuliza hivyo. Changu najua, cha Nabifo najua, na vya bibi yangu ambaye alikulisha hapo ulipokaa navijua. Nakuuliza swali moja tu, na ukinijibu vizuri mbele ya baba yangu, nitanyamaza. Hivyo vitatu ni vya nani?

— Vitatu vipi?

— Kisosi. Jino la dhahabu. Redio chini ya mto.

Burhan akapekua daftari. Nilimwona akitafuta kama mtu aliyeangusha sindano.

— Hivyo, hivyo nimebuni.

Pazia likafunguka. Hakutakiwa kutoka, lakini alitoka, na hina yake yote, na wazee wakainamisha macho.

— Vichekesho sitini na viwili, Ruqaiya akasema. Nimevikagua kimoja kimoja. Hujawahi kubuni hata kimoja, Burhan. Mlango wako hukubuni. Saa ya Fadhul hukubuni. Kilio cha mwenzangu cha mama yake mgonjwa hukukibuni. Uliniambia uongo haukujii. Leo ndiyo umekujia?

Mzee Jamiru ndiye aliyesimama wa kwanza, akavaa viatu vyake, akamgusa mpwa wake begani kwa ncha ya mkongojo.

— Inuka. Umetutoa Mbale kuja kuchekwa.

Waliondoka bila hata maji. Burhan alitaka kuchukua daftari. Ruqaiya akaliondoa kwenye sinia, akamwachia sinia.

Walikuwa hawajafika barabarani simu yangu ilipolia kwa ujumbe. Mimi sisomi haraka, nikampa Ruqaiya. Alisoma kwa sauti:

"Kukhu ni mimi Nabifo. Mtoto wa kike, alfajiri ya leo. Mwambie mwalimu amekosea siku moja tu. Je amejibu vile vitatu?"

Ruqaiya alikaa kwenye mkeka pale pale alipokuwa amekaa Burhan. Hapo ndipo alipolia, na hakuna kicheko kilichobandikwa juu yake. Nilimshika kichwa. Alipomaliza akaandika jibu: "Hongera dada. Amesema amebuni." Jibu la Nabifo lilirudi upesi: "Basi si wangu tena."

Tabaga nilimpelekea Nabifo kwa arobaini ya mtoto. Ingawa ilikuwa ya harusi isiyokuwepo, akaipokea kwa mikono miwili, akamfunika nayo mtoto asiumwe na nzi. Burhan hakuwepo. Mlango wa buluu umepakwa rangi ya kijani.

Ijumaa iliyofuata sehemu mpya ya katuni ilitoka kama kawaida. Swabrah alitaka kuileta uani, nikamwambia atazamie kwake. Lakini Ruqaiya aliiona. Nilimkuta jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Bi Zamu alikuwa amechorwa upya. Alikuwa mwembamba, anakunywa chai kwa kisosi, na jino lake la dhahabu liling'aa kutoka mwanzo wa dakika tano mpaka mwisho.

Simu ikalia. Ilikuwa Nabifo, mtoto akisikika kwa nyuma.

— Umeona?

— Nimeona.

— Ni vingapi?

Ruqaiya alitia chumvi kwenye sufuria. Mara moja tu, bila kupima.

— Sikuhesabu.